Chai Iko Tayari

Mama Mdogo alikuwa anapachika kola kwenye shati la sare ya shule alipohisi bega linawasha. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akaingiza mkono ndani ya blauzi ajikune pale alipozoea kujikuna, juu ya lile kovu la meno, na kovu halikuwepo. Palikuwa laini. Alitazama sakafuni chini ya cherehani, kama mtu aliyeangusha bobini, akaona vipande vya uzi tu. Basi akamalizia kola kwanza, maana kola ikiachwa katikati hukaa upande, ndipo akainuka kwenda kumuuliza dada yake.

Dada Mkubwa alikuwa chumbani, amekipa kioo mgongo, shingo ameigeuza hadi mwisho wa uwezo wake.

"Nilidhani ni upele wa joto," alisema.

"Hayo ni meno, Dada."

"Naona."

"Ni meno ya mwanao. La juu pale kushoto lina pengo, alianguka kibarazani."

"Naona, mdogo wangu. Sasa nifanyeje? Limekuja lenyewe, sikulialika."

Mama Mdogo alilibonyeza kwa kidole. Lilikuwa lilelile, na lilikuwa limekaa vizuri kwenye bega la dada yake. Akarudi kwenye cherehani yake.

Hapakuwa na cha kushangaza sana. Kitabu kilikuwa kimetoka wiki hiyo, na Dada Mkubwa alikuwa hajakifungua bado. Kilikuwa riwaya nene ya ukoo, vizazi vitatu, na aliyekiandika alikuwa mtoto wa Dada Mkubwa, ambaye tangu hapo nyumba nzima ilimwita Mwandishi, hata mama yake mzazi alipomwita aje kula. Katika riwaya hiyo, mwaka wa mvua kubwa, mama anambeba mwanawe mgonjwa mgongoni, anavuka maji yaliyomfika kifuani, na mtoto kwa ukali wa homa anamng'ata begani. Watu walisoma ukurasa huo wakalia. Mhakiki mmoja aliandika kwamba bega lile ndilo nguzo ya riwaya nzima.

Ukweli ni kwamba mwaka huo wa mvua Dada Mkubwa alikuwa mji mwingine akisomea ukarani, na hakuna anayemlaumu. Kazi ya ukarani ndiyo iliyokuja kuwavisha. Mtoto aliachwa kwa Mama Mdogo. Homa ilipompanda, Mama Mdogo alikwenda kwanza kwa kaka yao, yule ambaye watoto walimwita Mjomba, kwa sababu Mjomba alikuwa na lori. Mjomba alisema barabara imekatika, wasubiri kupambazuke, kisha akajifunika shuka. Mama Mdogo akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge akaenda kwa miguu. Hospitali walimchoma mtoto sindano, na yeye wakamshona bega. Daktari alimtania kwamba leo fundi kashonwa. Mwenyewe alicheka.

Hakuwahi kuzaa. Mtoto yule alimwita mama mpaka alipoanza shule na kufundishwa na wenzake kwamba mama ni mmoja. Mama Mdogo hakugombana na hilo. Alikuwa na kovu lake, na siku za baridi lilipomuuma alilipapasa akatulia. Lilikuwa cheti chake. Sasa limechukuliwa mchana kweupe na watu wote wanapiga makofi. Tusizungukezunguke: ilimuuma, tena kuliko siku ile ya meno.

Yeye pia alikuwamo kitabuni. Alikuwamo mara moja. Karibu na mwisho, wageni wanapoingia sebuleni, imeandikwa: *Pembeni, mwanamke wa cherehani aliinua kichwa, akasema, "Chai iko tayari."* Basi. Jina hakupewa. Na tangu kitabu kitoke, kila alipofungua kinywa mbele ya mtu aliyekisoma, hayo ndiyo maneno yaliyotoka, na mengine hayakutoka. Kwa muuza vifungo, ambaye hakusoma chochote isipokuwa matokeo ya mpira, alizungumza vizuri, akapunguziwa bei na kusutana kama kawaida. Lakini Mwandishi alipokuja Jumapili, Mama Mdogo alisimama mbele yake, akavuta pumzi, akasema:

"Chai iko tayari."

"Asante, Mama Mdogo. Nimeshakunywa."

"Chai iko tayari," alisema Mama Mdogo, safari hii kwa sauti ya mtu anayemwambia mwizi aweke chini alichobeba.

"Kweli nimeshiba," alisema Mwandishi.

Alijaribu kumwandikia. Kalamu nayo ilikuwa imekisoma kitabu. Akaitupa kwenye kopo la vitambaa, akafanya uamuzi ambao hakuutangua tena: kuanzia siku hiyo hakupika chai. Aliuza birika kwa muuza vyuma. Kinywa kama kimeshikwa na waandishi, mikono bado yake.

Mjomba yeye alikuwa amekufa. Alikufa katika sura ile ile ya mafuriko. Katika riwaya ndiye aliyeendesha lori kwenye maji, akamsogeza dada yake na mtoto mpaka kwenye kilima, kisha lori likabebwa naye akiwa ndani, akipunga mkono dirishani. Sura nzima ilikuwa yake, pamoja na mazishi. Baada ya hapo alikuja kula mchana kila siku kama alivyozoea, ila alikuja akiwa marehemu. Kikohozi kilimwacha. Mke wake wa zamani, aliyeapa kutomsamehe, alimsamehe. Wazee mtaani walipomwona walisema, "Huyu bwana alikuwa mtu," naye aliinamisha kichwa akapokea. Kuhusu kitabu, alisoma sura yake tu akakifunga, akisema mengine yatakuwa ya kujaza kurasa. Ndiyo maana Mama Mdogo aliweza kusema naye.

"Tupime, Kaka," alimwambia siku moja wakila. "Mimi na wewe, nani kafanyiwa vibaya?"

"Wewe u hai."

"Nina sentensi moja."

"Sentensi ya mtu hai. Mimi nina sura nzima lakini nimekufa. Nikienda kukata kitambulisho kipya wananiambia pole kwa msiba. Unadhani ni rahisi?"

"Umekufa vizuri. Umekufa ukipunga mkono."

"Hilo kweli," alisema Mjomba, akaongeza mboga. "Lile la kupunga mkono hata mimi lilinigusa."

"Na ulikuwa umelala."

Mjomba alitafuna muda mrefu kuliko mboga ilivyohitaji.

"Nilikuwa nimelala," alikubali.

"Basi kamwambie mpwa wako. Kitabu kinachapishwa upya kwa ajili ya shule, anarekebisha sasa hivi. Wewe anakusikia. Neno la marehemu halidharauliwi."

"Nikimwambia, mimi nafufuka."

"Si ufufuke."

"Nifufuke niwe nani?" aliuliza Mjomba. "Niwe yule aliyejifunika shuka? Dada'ngu, mimi hai nilikuwa mtu wa kusukumwa na kila mtu. Tangu nife nimeheshimika."

Mama Mdogo aliitoa sahani yake mezani kabla hajamaliza. Alimwambia kwamba mfu asiye na aibu ndiye mzigo mbaya zaidi, kwa sababu huwezi hata kumtishia kifo. Mjomba aliramba vidole akaenda zake.

Haukupita muda mrefu, mwalimu wa fasihi akaleta darasa. Riwaya ilikuwa imeingizwa kwenye mtaala, na mwalimu aliona ni vyema wanafunzi waione nyumba yenyewe na waliobaki wa ukoo. Walijaa sebuleni, wengine wakaketi sakafuni, wakinuka jasho na wino. Mwandishi alikaa kwenye kiti chenye mikono. Dada Mkubwa alikaa kando yake amevaa gauni la bega wazi. Gauni hilo alikuwa ameshonewa na mdogo wake. Aliliomba kwa upole, akasema watu wanaliuliza kovu na si adabu kuwafungulia vifungo kila mara. Mama Mdogo alilishona. Lakini sindano ile ilikuwa na hasira, na mshono wa kwapani aliubana kiasi kwamba Dada Mkubwa hakuweza kuinua mkono alivyotaka. Mjomba alisimama mlangoni kwa unyenyekevu wa marehemu. Mama Mdogo alikuwa pembeni, kwenye cherehani, kama alivyoandikwa.

Mwalimu alikuwa mtu mwema mwenye koo kubwa. Alitangaza kazi ya siku hiyo: kulinganisha dhima ya wahusika wasaidizi wawili, Mjomba na mwanamke wa cherehani.

"Tuanze kwa kufanana. Wote wawili dhima yao ni nini?"

"Kumjenga mhusika mkuu!" darasa liliitikia kwa pamoja.

"Vizuri. Na tofauti?"

Mkono mmoja uliinuka. "Mjomba amejitoa mhanga. Mwanamke wa cherehani ametoa chai."

"Vizuri sana. Andikeni."

Waliandika. Mama Mdogo aliinuka. Cherehani ilinyamaza na watu wakageuka, wakafurahi, maana hapo ndipo kwenye sentensi yake, na wengine walianza kuitamka pamoja naye kimoyomoyo. Yeye alisimama katikati ya sebule, akawaambia yote. Aliwaambia kuhusu homa, na shuka la Mjomba, na kitenge kilicholowa kikawa kizito kuliko mtoto. Aliwaambia kwamba maji yalikuwa na matawi, na kuku aliyekufa alipita mbele ya uso wake. Kwamba mtoto aling'ata, na yeye akamwambia ng'ata, mwanangu, ng'ata uzuri, ukinyamaza ndipo nitaogopa. Alisema na kitabu chenyewe kinamshuhudia, kwa sababu imeandikwa kwamba mtoto akiwa pale mgongoni alisikia harufu ya mafuta ya cherehani kwenye shingo ya mama yake. Karani na mafuta ya cherehani wapi na wapi? Huyo aliyeandika alikuwa na miaka mitatu na homa, lakini pua yake haikusahau. Alisema hayo akimtazama Mwandishi usoni, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali.

Darasa zima lilisikia, "Chai iko tayari, chai iko tayari, chai iko tayari." Wachache walitazama meza.

"Mnaona takriri hiyo," alisema mwalimu. "Inasisitiza ukarimu."

Lakini nyuma kabisa, ameegemea mlango wa stoo, alikuwapo msichana mrefu ambaye mwalimu humwita Bi Usingizi. Bi Usingizi hakuwa amesoma kitabu. Hakuwa amefungua hata jalada. Alikuja na daftari la hesabu ili mkononi paonekane kitu. Yeye alisikia kila neno. Aliangalia wenzake, akaona wanaandika *ukarimu*, akaelewa upesi kwamba hili akilisema, mwalimu atajua kwa nini kalisikia. Alikaa nalo kidogo. Kisha likamzidi.

"Mwalimu, samahani. Yule mama anayebeba mtoto, mbona ananuka mafuta ya cherehani? Si karani yule?"

Mwalimu alimtazama kwa furaha, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akiuliza jambo la kitabuni.

"Swali zuri ajabu! Hiyo, Bi Usingizi, ni jazanda. Mafuta ya cherehani ni ishara ya mama kushona mustakabali wa ukoo."

"Si yeye aliyembeba," alisema Bi Usingizi. "Ni huyu aliyesimama. Kasema sasa hivi."

"Ukurasa wa ngapi?"

Bi Usingizi hakuwa na ukurasa. Mwandishi naye alikuwa ameshika mikono ya kiti. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa muda mfupi alionekana mtoto aliyeamka mahali asipopajua. Alimtazama Mama Mdogo. Alivuta hewa puani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba alikuwa anakumbuka.

Hapo Mjomba alikohoa kwa mara ya kwanza tangu afe.

"Mimi nilikuwa nimelala," alisema kutoka mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema, na ilimgharimu. "Lori lilikuwa zima. Nilijifunika shuka."

Mama Mdogo alimgeukia kaka yake. Alitaka kumwambia ahsante, na mbele ya watu wale alijua kitakachotoka, kwa hiyo alimshika tu kiwiko.

"Andikeni," alisema mwalimu, akiguswa. "Sifa ya pili ya Mjomba: ni mnyenyekevu. Hata baada ya kifo hapendi kusifiwa."

Wakaandika. Mjomba alingoja afufuke, hakufufuka. Alijipapasa kifua, akatoka nje akakaa kwenye ngazi, naye amekasirika kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza kusema kweli na haikumfaa kitu.

Mwandishi aliwasindikiza wageni hadi kwenye geti. Aliporudi alipita karibu na cherehani, akasimama. Mama Mdogo alimsubiri. Ilikuwa zamu yake sasa, kwa kuwa yeye maneno anayo yote.

"Ile harufu," alisema Mwandishi hatimaye. "Mhariri alipaswa kuiona. Nitairekebisha."

Akairekebisha. Toleo la shule lilipotoka, shingo ya mama ilikuwa inanukia sabuni ya waridi. Siku hiyohiyo kona ya Mama Mdogo iliacha kunuka mafuta. Alifungua kopo la mafuta akanusa, yakanuka waridi. Aliyatia kwenye cherehani, ikaanza kulia kama mlango wa choo, na kadiri alivyozidisha ndivyo ilivyozidi kulia. Majirani wasiosoma riwaya walilalamika. Aliwaambia waende kulalamika kwa mchapishaji. Akaendelea kushona kwa kelele hizohizo, madirisha wazi, na alipojua kuna wageni wa Mwandishi sebuleni alichagua vitambaa vizito.

Hafla ya kuzindua toleo jipya ilipangwa, na Mwandishi akahitaji shati. Angeweza kwenda kwa fundi yeyote mjini. Alikuja kwa Mama Mdogo, kwa sababu tangu utoto hakuwahi kuvaa shati lililokatwa na mkono mwingine, na huenda pia kwa sababu nyingine, ambayo hakuisema. Alikuja asubuhi kujaribu. Shati jeupe lilikuwa limeshikizwa kwa pini, bado halina mkono wa kushoto. Mama Mdogo alimsimamisha mbele ya dirisha, akampima mgongo kwa viganja, pale pale alipokuwa akimpima kila mwaka aone amekua kiasi gani.

"Mama Mdogo," alisema Mwandishi bila kugeuka. "Mama atajisikiaje nikibadilisha? Watu wameshalipenda lile bega. Na wewe hujawahi kulalamika. Mbona hukuniambia?"

Mama Mdogo alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kimto cha pini mkononi. Alimpenda kijana huyu. Alimpenda asubuhi ile kama alivyompenda kwenye maji, na ndiyo maana hakuwa tayari kumwacha aondoke na swali kama hilo. Akamshika mabega yote mawili kwa nguvu, akainama, akamng'ata la kushoto.

Aling'ata uzuri. Mwandishi alipiga yowe lililomtoa Dada Mkubwa chumbani na Mjomba kwenye ngazi. Mama Mdogo hakuachia mpaka alipohisi chumvi. Kisha akachukua kitambaa safi kutoka kwenye kopo, akakandamiza damu isichafue shati zaidi, kwa sababu kazi ni kazi.

Mwandishi alimtazama akihema. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na alikuwa analia.

"Nitasema nani kaning'ata?" aliuliza.

"Chai iko tayari," alisema Mama Mdogo.

Hafla ilifana. Dada Mkubwa aliombwa asimame, akasimama, akawageuzia watu bega, wakapiga makofi. Mjomba alikumbukwa kwa dakika ya ukimya, akiwa kwenye safu ya pili. Mwandishi alisaini vitabu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umekaa kama mkono wa kuazima. Mtihani wa taifa ulipofika uliuliza dhima ya mwanamke wa cherehani, na majibu yalikuwa kumjenga mhusika mkuu. Bi Usingizi aliandika habari za kitenge, matawi na kuku aliyekufa. Alipewa sifuri, na pembeni kwa wino mwekundu: *Hukusoma kitabu.* Hilo hakulikana.

Jeraha lile la meno lilipona likawa kovu. Mwandishi alilisubiri lihame. Kila asubuhi alilitafuta kwa kidole, na kila asubuhi lilikuwepo, kwa kuwa halikuandikwa popote na hakuna bega lingine lililolidai. Angeweza kuliandika likaondoka, lakini angelazimika kusema ni meno ya nani na kwa nini. Hajaandika kitabu kingine. Siku za baridi linamuuma, naye huja kwa Mama Mdogo, anakaa kwenye kiti kilicho karibu na cherehani inayolia, anajipapasa, hasemi.

Mama Mdogo humwacha akae. Akifika mwisho wa mshono hukata uzi kwa meno, huinua kichwa, humwambia chai iko tayari. Mwandishi huigeukia meza, kila mara, na kila mara mezani hakuna kikombe hata kimoja.